Vioo Vitano Juu ya Ufa

Shangazi alikuwa amepiga marufuku methali moja kazini. Unaijua. Hata aliyelala darasani miaka saba anaijua, ile ya ufa na ukuta. Ukifanya kazi ya kukarabati nyumba kongwe, haipiti siku bila mpita njia kusimama, kuinua kidole kana kwamba ndiye aliyeitunga, na kukutupia. Muuza magazeti aliisema. Mwalimu mstaafu aliisema mara mbili, asubuhi akienda na mchana akirudi. Shangazi akatangaza kwamba atakayeitaja tena mbele ya nyumba ile ataleta chai ya kikosi kizima. Kikosi chenyewe kilikuwa sisi wawili, lakini Shangazi hunywa chai kwa niaba ya watu wanne.

Methali haikuwa na kosa. Kilichomuudhi ni kwamba pale kwenye nyumba ya Bwana Saa tulikuwa tumeajiriwa kufanya kinyume chake: kuutazama ufa wiki kumi na mbili bila kuuziba.

Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, chini na juu, imekaa kwenye pembe ya mtaa tangu enzi asizozikumbuka yeyote aliye hai. Chini, upande wa mbele, palikuwa na karakana ya Bwana Saa, mwanamume mwembamba mwenye kioo cha kukuzia alichokifunga kwenye paji la uso kwa uzi wa mpira, fundi wa saa tangu ujana wake. Mkewe mtaa mzima ulimwita Mama Saa. "Kana kwamba nilibeba mimba ya saa ya ukutani," mwenyewe alikuwa akisema. Walikaa juu. Upande wa nyuma kulikuwa na ukuta mrefu wa ngazi, na ngazi ilipoishia kulikuwa na jiko na chumba chao cha kulala. Ufa ulianzia pembeni mwa dirisha la ngazi, ukashuka ukijipinda hadi karibu na sakafu ya chini. Mahali pengine kidole changu cha mwisho kiliingia.

Injinia wa baraza la mji alikuja kuutazama. Alikuwa kijana mstaarabu, mikono ya shati lake imepigwa pasi hadi ina makali ya kukatia karatasi. Hakuzunguka mbuyu.

"Kama ufa huu umelala, mtautibu. Kama bado unatembea, ukuta wa nyuma unashushwa wote, pamoja na ngazi na vyumba vya nyuma vya juu. Siwezi kutia sahihi watu walale kando ya ukuta unaotembea."

Hapakuwa na la kubishia. Nusu ya nyumba ikishushwa, Bwana Saa na mkewe wangehamia kwa mtoto wao kwenye majengo mapya ng'ambo ya mji, na nusu ya mbele, kama tulivyoona kwingine, isingemaliza miaka mitano peke yake. Nyumba kongwe haikatwi kama mkate.

Basi tukaweka vioo. Unachukua kipande cha kioo chembamba, urefu wa kiganja, unakilaza kukatiza ufa, kisha ncha zake mbili unazishika kwa madonge ya jasi, moja upande huu wa ufa na jingine upande ule. Unakwaruza tarehe kwenye donge kabla halijakauka. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kinavunjika. Sisi mafundi tunakiita shahidi, na ni shahidi asiyehongeka.

Tulipanga vitano, kutoka chini kwenda juu. Shangazi alinipa mimi dhamana ya kuviweka, kuvisoma kila Jumatatu na kuandika kwenye fomu ya Injinia. Jina langu likakaa kwenye mstari wa "Msimamizi wa vioo". Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ile ilikuwa mara ya kwanza jina langu kukaa kwenye karatasi ya kazi bila neno "msaidizi" kulitangulia. Niliipiga picha nikamtumia mama, na mama akaisambaza kwa ukoo mzima, wakiwemo wale wasionisalimia.

Viwili vya chini tuliviweka pamoja, mimi na Shangazi. Kwanza anagonga lipu, yaani ile ngozi ya chokaa iliyofunika mawe, kwa fundo la kidole. Lipu iliyoshikana na jiwe hujibu kwa sauti kavu, fupi. Iliyoachana na jiwe huvuma. Kisha, iwe imejibu vipi, anachukua patasi na kuikwangua hadi jiwe lionekane, anaosha vumbi, ndipo donge la jasi likae juu ya jiwe lenyewe.

"Shahidi asimame juu ya jiwe," alisema. "Lipu ni nguo. Nguo ikipepea, si lazima mwenye nguo awe anacheza."

Mchana huohuo alishuka jukwaani vibaya, goti likavimba kama papai. Daktari akamkataza kupanda kitu chochote kirefu kuliko kitanda kwa miezi mitatu. Akahamia chini, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anachuja chokaa na kunipigia kelele kutoka huko. "Vitatu vya juu weka wewe," akaniambia. "Umeona nilivyofanya."

Nikapanda peke yangu. Na kule juu, usawa wa dirisha, nikakutana na majani.

Yalikuwa chini ya vumbi na masizi, mstari mmoja wa nakshi uliozunguka ukuta wa ngazi. Majani yanafuatana, kila moja na mshipa wake katikati, yamechorwa kwa ncha ya mwiko lipu ikiwa bado mbichi. Fundi aliyeyachora hakutumia kalibu, maana hakuna mawili yaliyolingana. Mahali fulani alikosea, jani likageukia nyuma, naye akaendelea mbele kana kwamba hakuna aliyemwona. Nilipiga magoti jukwaani nikayasafisha kwa brashi laini asubuhi nzima. Nilisahau hata kula.

Ufa ulipita katikati ya nakshi ile. Kuviweka vioo vitatu juu ya jiwe kungetaka matundu sita, kila moja ukubwa wa kibiriti, na yote sita ndani ya majani.

Niligonga, na lipu ikavuma. Haikuvuma sana. Nikagonga tena, polepole zaidi, kama mtu anayeuliza swali huku anaomba asijibiwe. Nikajiambia: imejishikilia miaka yote hii, itashindwaje na wiki kumi na mbili? Nikavibandika vioo vitatu juu ya lipu, nikivipenyeza kati ya jani na jani, na sikukwaruza hata mshipa mmoja. Nilishuka nikijisifu kwa wepesi wa mkono wangu.

"Tayari?" Shangazi akauliza.

"Tayari."

Wiki nane vilikaa vizima vyote vitano. Kila Jumatatu nilipanda na tochi, nikaandika "kizima" mara tano kwa mwandiko wa kujivunia, nikashuka. Bwana Saa alikuwa akinisubiri mlangoni mwa karakana.

"Mgonjwa anaendeleaje, fundi?"

"Amelala, Mzee."

"Asiamke. Huku ndani kuna makelele ya kutosha."

Jumatatu ya wiki ya tisa nikapanda nikakuta vioo vya juu vimevunjika, vyote vitatu.

Injinia alifika kabla ya saa sita. Alipiga picha, akavitazama vya chini, akarudi kuvitazama vya juu, akavuta pumzi ndefu.

"Pole, dada. Vitatu kati ya vitano."

"Lakini vya chini ni vizima."

"Ufa unaweza kufunguka juu huku chini umetulia. Kama mkasi." Akanionyesha kwa vidole viwili. "Ijumaa napeleka ripoti. Waambie waanze kufungasha, wasingoje hadi wapigiwe tarumbeta."

Niliwaambia mimi. Bwana Saa alivua kioo chake cha kukuzia, akakipangusa, akakivaa tena, akaendelea kufungua saa aliyokuwa akiifungua. Mama Saa alipanda juu. Baada ya muda tukaanza kusikia maboksi yakiburutwa.

Kesho yake asubuhi walikuwa jikoni wote wawili, mlango wazi, nami jukwaani nikikusanya vipande vya kioo, hivyo nilisikia kila kitu.

"Chukua sufuria kubwa," Bwana Saa alisema.

"Jiko la kule ni kama kabati. Nitaiweka wapi, nijivike kichwani?"

"Ingekupendeza."

"Usinichekeshe, baba. Nikicheka nitalia."

Nikajidai kushughulika sana na kazi yangu. Nikainua kipande cha kioo cha tatu, na hapo ndipo nikaona jambo ambalo jana sikuliona kwa sababu jana nilikuwa nikitazama kwa hofu. Ukuta unapofunguka, kioo hukatika katikati, palepale juu ya ufa. Hiki kilikatika pembeni, karibu na donge la jasi, kimshazari, kama kitu kilichosokotwa. Cha nne vilevile. Cha tano vilevile.

Kule jikoni Mama Saa alitoka na kuubamiza mlango, kwa kuwa mlango ule, tangu unyevu wa siku zile uuvimbishe, haukufunga bila kubamizwa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya majani. Wa kulia ulikuwa umeshika jiwe tupu la ukingo wa dirisha. Chini ya kiganja cha kushoto lipu ilitetemeka. Chini ya kile cha kulia, kimya.

"Mama!" nikaita. "Hebu funga mlango tena!"

"Nifunge mara ngapi? Nyumba yenyewe inabomolewa!"

"Mara moja tu. Kwa hasira!"

"Hasira ninayo ya akiba."

Akaubamiza hadi kengele ya mojawapo ya saa za chini ikalia. Lipu ikatetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi. Jiwe halikutikisika.

Nilikaa kwenye ubao wa jukwaa, miguu ikining'inia, na nikaona njia mbili zikiwa wazi kabisa. Nikinyamaza, Ijumaa ripoti itakwenda, ukuta utashuka, na lipu ile pamoja na kosa langu vitaondoka kwenye lori la kifusi. Hakuna atakayejua, milele. Nikisema, karatasi ile ambayo ukoo mzima umeiona itabeba kosa langu chini ya jina langu. Na kusema kwenyewe kusingeiokoa nyumba. Kutetemeka kwa lipu hakukuthibitisha kwamba ukuta umelala. Kulithibitisha tu kwamba vioo vyangu havikuwa vimeutazama ukuta.

Nikashuka.

Shangazi alikuwa kwenye ndoo yake, anachuja chokaa.

"Shangazi, vile vya juu sikuviweka juu ya jiwe."

Hakuinua uso. "Uliviweka juu ya nini, mawingu?"

"Juu ya lipu."

"Uligonga?"

"Niligonga."

"Ikasema nini?"

Nikaanza kukung'uta vumbi mikononi.

"Nimekuuliza, mwanangu. Lipu ilisema nini?"

"Ilivuma."

Chekeche likasimama. "Niambie ulisahau kuitoa. Sema ulisahau, nitakusamehe kabla chokaa hii haijamaliza kudondoka."

"Sikusahau. Kulikuwa na majani."

"Majani?"

"Nakshi. Nzuri, Shangazi. Imechorwa kwa mkono. Sikutaka kuikata."

Akacheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na raha. "Miaka thelathini nafundisha watu wasiharibu. Wa kwanza kuelewa somo sawasawa ndiye huyu anayetaka kunibomolea nyumba." Akajipangusa mikono. "Umeihurumia nguo, na mwenye nguo keshapimiwa kaburi. Nani anamwambia Injinia?"

"Mimi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Basi kanawe uso. Una chokaa hadi kwenye nyusi, atadhani ameletewa bibi yake."

Ofisi ya Injinia ilikuwa chumba chembamba chenye mafaili hadi dirishani, na feni iliyogeuka upande mmoja tu. Ripoti ilikuwa mezani tayari, imebanwa kwa muhuri ili isipeperuke. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Sikuweka "bahati mbaya" wala "ilitokea". Nilisema niligonga, nikasikia, nikaamua vibaya.

Aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo wiki tisa nimekuwa nikisoma habari za lipu?"

"Viwili vya chini ni vya kweli."

"Na juu? Ukuta unatembea au hautembei?"

"Sijui. Nimekuja kusema kwamba hakuna anayejua. Hata hiyo ripoti haijui."

Hakuipenda sentensi hiyo. Niliona. Aliitazama ripoti yake, kurasa nne zenye michoro, kisha akafungua droo akatoa fomu yangu.

"Jina lako liko hapa, dada."

"Liko. Andika chini yake nilichofanya, nami nitatia sahihi."

Akaandika. Mistari mitatu, mwandiko safi, hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Nikatia sahihi. Nukta ya mwisho niliibonyeza hadi karatasi ikatoboka.

"Mvua zinaanza wiki ijayo," akasema akiikunja fomu. "Mvua italisukuma jengo lile kuliko miezi mitatu ya jua. Nakupa wiki sita. Ukuta uegemezwe kwa mihimili. Wenyewe walale vyumba vya mbele. Na nitakuja kuliona jiwe kwa macho yangu kabla hujaweka jasi."

"Sawa."

"Na kioo kimoja kikivunjika, kimoja tu, sitaki kusikia habari za lipu, mlango, wala upepo."

"Sawa, Injinia. Asante."

"Usinishukuru. Ulikuwa unakaribia kunifanya nibomoe nyumba ya watu kwa sahihi yangu." Lakini alinisindikiza hadi mlangoni.

Mama Saa ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimkuta ameketi juu ya boksi lililoandikwa VYOMBO, nikamweleza yote, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Yaani jana usiku nimelala maboksi yamenizunguka kama mzigo wa posta," akasema, "kwa sababu wewe uliyaonea huruma majani?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Majani yenyewe mimi nimeyapita miaka arobaini sijawahi kuyaona!"

"Yalikuwa yamefunikwa na masizi."

"Sasa unaniambia mimi mchafu pia?"

Bwana Saa, aliyekuwa amesimama ngazini, akakohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kumwokoa mtu. "Mke wangu, hebu ngoja. Mteja huja kwangu akisema saa yake imekufa. Naifungua, nakuta mshale tu umelegea. Ndani mashine inatembea vizuri. Huenda na hii ni hivyo."

"Na huenda si hivyo."

"Na huenda si hivyo," akakubali. "Lakini angalau sasa ameifungua."

Siku iliyofuata nikakata majani. Kwanza niliyapiga picha, nikabandika karatasi nyembamba juu yake na kuyanakili kwa penseli, jani kwa jani, pamoja na lile lililogeuka. Kisha nikachukua msumeno mwembamba na patasi. Kipande cha kwanza kilinidondokea kiganjani bila ubishi wowote, na mgongo wake ulikuwa laini, umejaa vumbi. Kilikuwa kimeachana na jiwe zamani sana. Kilijishikilia kwa majirani zake tu. Nilikilaza kwenye trei ya mayai juu ya pamba. Vilivyofuata havikuniuma kama nilivyodhani. Mkono ukishajua sababu, huacha kuomboleza.

Nyuma yake nikaliona jiwe, na ndani ya jiwe nikauona ufa wenyewe kwa mara ya kwanza. Ule wa kwenye lipu uliomeza kidole changu, huku kwenye jiwe ulikuwa na upana wa uzi wa kushonea viatu.

Injinia alikuwa jukwaani nami kama alivyoahidi, amevua viatu vyake vizuri, soksi zake zikipigwa rangi na chokaa. Shangazi akapaza sauti kutoka chini:

"Ndani ya ufa kuna rangi gani?"

Nikamulika. "Nyeusi."

"Nyeusi ya uchafu au ya kivuli?"

Nikaingiza ncha ya waya, ikatoka imepakwa. "Masizi, Shangazi. Na utando wa buibui, umekauka."

"Ufa mchanga huwa msafi," Shangazi alimwambia Injinia, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha tu. "Kama mkate uliokatwa leo. Muulize mwenye jiko hayo masizi ya lini."

Mama Saa alikuwa kwenye kizingiti cha jiko, bado hajaamua kama anazungumza nami. "Mimi kuni sijaziwasha humu ndani tangu mwanangu wa kwanza aanze shule," akasema. "Na mwanangu wa kwanza ana upara."

Injinia alicheka hadi ikabidi ajishike kwenye nguzo ya jukwaa. Halafu akatoa daftari akaandika, masizi, utando na upara. Bado hakulegeza. "Hii inasema ufa ulizaliwa zamani. Haisemi kwamba haukui. Tusubiri vioo."

Nikaweka vitatu vipya juu ya jiwe tupu. Tukaegemeza ukuta kwa mihimili minne. Kitanda cha wenyewe kikahamia mbele, juu ya karakana. Mama Saa alilalamika kwamba sasa anasikia saa zote zikibishana chini ya godoro, na hakuna hata mbili zinazokubaliana.

Mvua zikaja, na hazikuja kwa adabu. Wiki ya kwanza zilishuka kimya, za kuloanisha. Wiki ya tatu zilipiga ukuta wa nyuma ubavuni siku nne mfululizo, maji yakafurika mtaroni hadi Shangazi akahamishia ndoo yake juu ya meza. Nilikwenda kusoma vioo kila asubuhi, si Jumatatu tu. Asubuhi moja nikakiona cha nne kina mstari mweupe toka kona hadi kona. Niligusa kwa kidole, mstari ukafutika. Lilikuwa tone la chokaa lililoteremka kutoka dirishani. Nilikaa palepale kwenye ubao nikacheka peke yangu kama mwehu, Bwana Saa akaja chini ya jukwaa kuuliza kama niko salama.

"Niko salama, Mzee. Na yeye pia."

Jumatatu ya wiki ya sita Injinia alipanda mwenyewe. Alikataa tochi yangu, akatumia yake. Kioo kwa kioo, kutoka chini kwenda juu, akipitisha ukucha juu ya kila kimoja. Sote tulikuwa tumesimama sakafuni shingo juu, hata Shangazi, mkono mmoja ukutani. Alipomaliza cha tano alirudi kukitazama cha nne, akashuka.

"Umelala," akasema. "Usingizi wa pono."

Mama Saa alimkumbatia kabla hajafika sakafuni, na shati lile likakunjamana kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Alipokuwa akitia sahihi nikaona fomu ilikuwa mpya. Chini ya "Idadi ya vioo" palikuwa na mstari ambao zamani haukuwepo: "Kimewekwa juu ya: jiwe / lipu (kata isiyohusika)". Aliniona nikiusoma.

"Utakuwa kwenye fomu zote za baraza," akasema. "Sikuweka jina."

"Ungeweza kuweka."

"Nilifikiria."

Basi tukautibu ukuta. Kila hatua tatu kwenda juu tulitoa mawe mawili yaliyogusana na ufa, tukaweka badala yake jiwe moja refu linalokatiza, likalazwa kwenye chokaa, kama mtu anayeshona jeraha kwa uzi mpana. Lipu ya nakshi iliyobaki ukutani tuliirudisha kwenye jiwe bila kuitoa. Nilipenyeza maji ya chokaa nyuma yake kwa bomba la sindano, tone kwa tone, kisha nikaikandamiza kwa mbao zilizofungwa blanketi hadi iliposhika. Nilipogonga baada ya wiki mbili, ilijibu kavu. Niligonga zaidi ya ilivyohitajika. Niliipenda ile sauti.

Vipande vinne kati ya vile sita vilirudi mahali pake. Viwili vilikuwa vimemeguka. Ningeweza kuyachora majani yake upya, nilikuwa na nakala. Shangazi, ambaye daktari alikuwa amemruhusu jukwaa hatimaye, alikaa mbele ya matundu yale mawili na kuniuliza tu, "Unataka ajaye baadaye aamini nini?" Nikayajaza kwa chokaa tupu, laini, rangi iliyokaribiana na ya majirani lakini nyepesi kidogo. Kwa mbali huoni kitu. Ukisogea unaona mahali mtu alipokata na hakuficha.

Siku ya mwisho, tulipokuwa tukishusha mbao za jukwaa, Mama Saa alinijia na kapu la vitunguu mkono mmoja na msumari mkono wa pili.

"Nataka pa kutundika hili. Hapa, nje ya jiko. Ukutani."

Shangazi aligeuka upande wa pili, mabega yakimtikisika.

"Hapa, Mama? Kwenye ukuta huu?"

"Kwani ni jumba la makumbusho? Mimi napika humu."

Nikamtazama, nikautazama ukuta. Nikachukua msumari. Nikagonga kwa fundo la kidole hapa na pale hadi nikapata kiungo cha chokaa kati ya mawe mawili, juu kidogo ya mstari wa majani, nikaupigilia kwa mapigo matatu. Ukaingia vizuri. Mama Saa akatundika kapu lake, akarudi nyuma hatua mbili kulipima kwa jicho, akaridhika. Mpini wa kapu ulikuwa mrefu. Ulifunika jani moja na nusu ya la pili.

Nikaliacha hapohapo, nikanyanyua ndoo zangu mbili, nikashuka ngazi.